Mashua ya Marehemu Baba: Somo la Kukarabati Chombo Kuukuu Nyumbani



Vijana wapendwa, somo la leo limetokana na swali. Kijana mmoja wa delta ya Rufiji, upande wa wilaya ya Kibiti, ameandika hivi (nimefupisha, na jina lake nimelihifadhi). Baba yake amefariki na ameacha mashua ya mbao. Imevutwa juu pwani, kando ya mikoko, sasa ni mwaka wa tatu. Imepauka, nyufa zinapitisha kidole, na ngama yake imejaa majani na maji ya mvua. Baba mdogo anasema ivunjwe iuzwe kuni, basi yaishe. Tajiri mmoja wa samaki yuko tayari kumkopesha boti ya faiba na mashine yake, ila kwa sharti kwamba samaki wote watauzwa kwake, kwa bei atakayopanga yeye. Mama yuko kimya. Wadogo wawili wako shule. Kijana anauliza: "Kukarabati hii mashua ni kumheshimu baba, au ni kupoteza muda na hela?"

Ni swali zuri. Sitalijibu kwa mafungu ya Biblia peke yake, kwa sababu fungu la Biblia halizibi ufa. Tutasoma Maandiko, halafu tutaingia kwenye kazi yenyewe: nini kinakaguliwa, nini kinatolewa, nini kinarudishwa, na kwa mpangilio gani. Wewe unayesoma ukiwa Dar, Morogoro au Nairobi na hujawahi kushika tezo, usiondoke. Huenda kwenu chombo kilichoachwa ni pikipiki, cherehani au nyumba ya bibi.

Masomo ya kusoma kabla hujaendelea: Ezekieli 27:1-9; Marko 1:16-20; Hekima 14:1-7; Wagalatia 6:1-5.

Kalafati yumo kwenye Biblia

Watu wengi hawajui kwamba kazi ya kutia kalafati imetajwa katika Maandiko Matakatifu. Nabii Ezekieli anapouombolezea mji wa Tiro, anauchora kama merikebu. Anataja mbao zimetoka wapi, mlingoti umetoka wapi, makasia ni ya mti gani, tanga limeshonwa kwa kitambaa cha wapi. Kisha, aya ya 9, anawataja wazee na mafundi wa Gebali, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, ambao kazi yao ilikuwa kuziba nyufa za merikebu. Kwa lugha ya pwani yetu, hao ni makalafati. Nabii amewapa nafasi yao pamoja na wafalme na wafanyabiashara.

Sasa njoo Marko 1. Yesu anamkuta Simoni na Andrea wakitupa wavu. Akiendelea mbele kidogo anawakuta Yakobo na Yohane ndani ya chombo wakitengeneza nyavu. Wawili wameitwa wakiwa wanavua, wawili wameitwa wakiwa wanakarabati. Neno la Kigiriki alilotumia Marko kwa kutengeneza zile nyavu ni kitenzi *katartizo*: kurudisha kitu katika hali yake, kukiunga, kukiweka sawa kifanye kazi tena. Mtakatifu Paulo anatumia kitenzi hichohicho katika Wagalatia 6:1, anapowaambia Wakristo namna ya kumtendea ndugu aliyeanguka: wamrejeze kwa upole. Wavu uliochanika na ndugu aliyeanguka vinapewa kitenzi kimoja. Ukikaa na hilo dakika tano tu, utaelewa kwa nini nimeamua kulifanya hili somo la vijana na si makala ya uvuvi.

Na Kitabu cha Hekima (ndugu zetu Waprotestanti hawanacho kwenye Biblia yao, sisi tunacho) sura ya 14 kinamzungumzia baharia anayetegemea ubao mwembamba kuvuka mawimbi makubwa. Mwandishi anasema tamaa ya faida na ustadi wa fundi ndivyo vilivyounda chombo, lakini anayekiongoza ni maongozi ya Mungu. Ona alivyo mkweli. Hajajifanya kwamba watu wanaunda vyombo kwa ajili ya ibada. Wanaunda wapate riziki.

Mashua ya wakati wa Yesu ilikuwa na viraka

Mwaka 1986, Ziwa la Galilaya lilikuwa limepungua sana kwa ukame. Ndugu wawili wavuvi wa Ginosar, ufukwe wa magharibi, wakaona umbo la chombo kwenye matope. Wanaakiolojia walikichimbua usiku na mchana kwa siku zipatazo kumi na mbili, maana maji yalikuwa yanarudi. Ni mashua ya mbao ya karne ya kwanza, urefu kama mita 8 na upana mita 2.3. Hakuna anayeweza kusema Petro alipanda hiyo, na tusiseme. Ni mashua ya aina ile, ya ziwa lile, ya wakati ule.

Kilichowashangaza wataalamu ni mbao zake. Sehemu kubwa ya mbao za ubavuni ni mwerezi na mataruma mengi ni ya mwaloni, lakini humo ndani kumechomekwa vipande vya miti mingine mingi, aina zipatazo kumi na mbili kwa jumla. Mwenye chombo hakuwa na hela ya mbao nzuri. Kila kilipooza kipande, alichukua mti uliopatikana akaziba. Kilitumika miaka mingi hivyo hivyo, kiraka juu ya kiraka. Mwishoni kiliposhindikana kabisa, walitoa vipande vilivyofaa kwa chombo kingine, ganda likasukumwa ziwani.

Kwa hiyo ukimwona Yesu kwenye picha ya kalenda amesimama ndani ya mashua inayong'aa kama ya sonara, jua mchoraji hajafika Galilaya. Mwana wa Mungu alipanda vyombo vya mtu maskini, na nina uhakika kiasi fulani cha maji kiliingia ndani.

Na kwetu je? Karne hiyohiyo ya kwanza, kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho *Periplus* kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na kinasema jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Wanaakiolojia kadhaa, akiwemo Profesa Felix Chami, wameutafuta mji huo katika maeneo ya Rufiji na Mafia. Yaani Petro akiwa anaziba mashua yake kule, huenda kuna babu wa babu yenu alikuwa anashona chombo chake hapo hapo matopeni.

Kabla ya nyundo: mashua ni ya nani?

Hapa wengi wanapitiliza, halafu ugomvi unaanza chombo kikishapendeza. Mashua ya marehemu ni mirathi. Si yako kwa sababu wewe ni mkubwa, wala si ya baba mdogo kwa sababu ana sauti. Mama yako yumo, wadogo zako wamo, hata yule wa miaka tisa. Kaeni kikao. Baba mdogo msalimie kwa heshima yake na umpe kiti, msikilize mpaka amalize. Huenda anadai hela alizochangia kwenye matibabu au mazishi, na anaona kuni ndiyo njia pekee ya kulipwa. Muulizeni. Halafu muulizeni mama, na msubiri jibu lake, maana mama wa delta hasemi mbele ya wanaume wanaopaza sauti. Andikeni kwenye karatasi: nani anachangia nini, chombo kikianza kazi kila mmoja anapata fungu gani. Awepo mjumbe au mzee mmoja wa kijiji. Amri ya nne na amri ya saba zinakutana hapo.

Kuhusu tajiri wa samaki, sitasema kila mkopo ni dhambi. Ila piga hesabu kwa kalamu. Bei ya samaki kwake na bei ya samaki sokoni zinatofautiana kiasi gani kwa kilo? Zidisha kwa kilo za mwezi. Hiyo ndiyo riba yako, hata kama yeye haiiti riba. Halafu uliza mkataba una mwisho au hauna. Kuna wavuvi pwani hii wanaomvulia mtu mmoja miaka na miaka, na deni haliishi kwa sababu kila nyavu ikichanika wanakopa tena kwake. Ukishajua namba, amua. Kama ni lazima kukopa, kope kidogo, kwa ajili ya misumari na pamba, kwenye kikundi cha akiba na mikopo ambacho mama yumo.

Kuanzia ngamani

Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukaguzi uanze huko.

Toa majani yote, toa maji, fagia, acha upepo upite siku mbili tatu. Kijana wengi anadhani bahari ndiyo iliyoiozesha mashua. Hapana. Maji ya chumvi yanazuia ukungu unaoozesha mbao. Maji ya mvua yanaukaribisha. Mashua inayofanya kazi kila siku inaoza taratibu kuliko iliyoegeshwa masika tatu bila makuti ya kufunika. Kwa hiyo tazama kwanza pale mvua inapotuama: ngamani, kwenye pembe ambako mataruma yanakutana na mkuku, chini ya mabanzi ya kukalia, nyuma karibu na usukani.

Chukua bisbisi. Choma mbao kila baada ya shibiri, ndani na nje. Mbao nzima inagoma. Mbao mbovu inapokea bisbisi kama mhogo uliochemka. Weka alama kwa chaki au mkaa. Usidanganywe na rangi; rangi inashikilia umbo hata pale ambapo ndani kumebaki unga.

Kisha geukia nje, chini ya mstari wa maji, utafute matundu madogo kama ya pini. Hayo ni ya mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Kwa kweli si mdudu, ni jamii ya chaza, ila mwili wake ni mrefu kama mnyoo. Anaingia akiwa mdogo asiyeonekana kwa macho, kwa tundu dogo, halafu anakulia humo humo huku akichimba njia pana kufuata urefu wa ubao. Nje unaona tundu moja la pini, ndani kumekuwa mifereji. Gonga ubao kwa nyundo usikilize: mlio mkavu ni salama, mlio wa debe si salama.

Mimi si mpenzi wa mahubiri yanayogeuza kila kitu kuwa mfano wa dhambi, lakini kwa huyu mdudu nashindwa kujizuia. Ukiwa unajiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio, usikague rangi. Kagua pale maji yanapotuama miaka yote bila mtu kuangalia, na pale tundu ni dogo mno kiasi cha kuona aibu kulitaja.

Sasa uamuzi. Angalia mkuku. Kama mkuku umenyooka, haujakatika, na bisbisi inagoma sehemu kubwa ya urefu wake, na fashini ya mbele na ya nyuma ni nzima, mashua inakarabatika hata kama nusu ya mbao za ubavu ni mbovu. Kama mkuku umeoza katikati au mgongo umepinda, mwambie mama ukweli. Kubadilisha mkuku ni kuunda chombo kipya kwa gharama ya viwili. Hapo fanyeni kama watu wa Galilaya: toeni mataruma mazuri, misumari, usukani, mlingoti, viingie kwenye chombo kingine, na ganda liende. Kumheshimu baba hakumaanishi kuizamisha familia pamoja na mashua yake.

Mbao za halali

Tuseme mkuku ni mzima. Utahitaji mbao na mataruma, na hapa ndipo kwenye jaribu.

Taruma zuri ni lile lenye kona ya asili, tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo. Ukilikata taruma lililopinda kutoka kwenye ubao ulionyooka, litapasuka. Na miti yenye kona hizo iko hapo hapo nyuma ya nyumba: mlilana, mkomafi. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko unaoungana katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Mtu anasema: msitu wote huu, mimi natafuta vipande kumi, nani ataona usiku?

Msitu huo ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ni ardhioevu ya kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Bila kibali, huko ni kuiba, tena unajiibia mwenyewe, maana kamba na samaki wachanga wanakulia kwenye mizizi hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inaweka heshima kwa viumbe ndani ya amri ya saba. Nenda ofisi ya kijiji, uliza kamati ya mazingira utaratibu wa kibali. Mbao za ubavu, iwe mkongo, mvule au hata mwembe, nunua zenye risiti. Mwembe ni rahisi na unapatikana, ila hauishi muda mrefu. Kwa mbao za juu ya maji unafaa kabisa. Tena tembea pwani: chombo cha jirani kilichokufa mara nyingi kina mataruma mazuri, na mwenyewe atakuuzia kwa bei ya kuni.

Mtafute fundi, na uwe mwanafunzi

Usifanye peke yako. Kila kijiji cha delta kina mzee mmoja anayejua. Pengine ni Mwislamu, na hakuna ubaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, unatutaka tuwaheshimu na tushirikiane nao. Mazungumzo yenyewe yatakuwa hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Ile ya marehemu baba yako, eeh?"

"Ndiyo babu. Nataka kuifufua."

"Una hela?"

"Hela ndogo. Nguvu ninayo."

"Basi njoo kesho na tezo. Ijumaa sifanyi kazi mchana."

"Na mimi Jumapili siwezi, babu. Naenda kigango."

"Sawa. Siku tano zinatosha kwa mwenye kuamka mapema."

Lipa ujira wake kwa wakati, hata kama anasema "usijali". Na usimfundishe kazi kwa kuwa umeangalia video.

Agizo la kazi ni hili: kwanza mataruma, halafu mbao, halafu kalafati. Ukibandua mbao zote mara moja, chombo kinapoteza umbo na hukirudishi tena. Egemeza gadi pande zote mbili kabla hujagusa msumari. Toa taruma moja bovu, weka jipya, funga, ndipo uende la pili. Kwa mbao vivyo hivyo: toa moja, itumie kama kipimo cha kukatia mpya, rudisha, endelea. Viungo viwili vya mbao visiangukie taruma moja; vipishane kama matofali.

Toboa kwa keekee au drili kabla ya kupiga msumari, tundu dogo kidogo kuliko msumari, la sivyo ubao unapasuka siku hiyo au mwezi ujao. Misumari iwe ya kupakwa zinki. Chini ya kichwa cha kila msumari zungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta, ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Mashua ndogo inakula misumari mamia, na kila mmoja unafungwa uzi wake. Hii ni kazi ya wadogo zako baada ya shule. Waite. Nao ni warithi.

Mtakatifu Yustino Mfiadini, aliyeandika karne ya pili, anasema Yesu alipokuwa kati ya watu alitengeneza plau na nira. Neno ambalo Injili inalitumia kwa kazi yake na ya Mtakatifu Yosefu, *tekton*, ni la fundi wa kuunda, hasa wa mbao. Napenda kufikiri kuhusu mkulima wa Nazareti aliyeleta nira iliyovunjika badala ya kuagiza mpya. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa kijijini ni kukarabati.

Kalafati na deheni

Nyufa zote safisha kwa ndoana ya chuma mpaka utoe pamba ya zamani iliyooza. Pamba mpya loweka kwenye mafuta, ya nazi au ya papa. (Mafuta hayo ya papa wazee wanayaita sifa. Ndiyo, neno lile lile. Harufu yake haina cha kusifiwa.) Sokota kama utambi, ingiza kwenye ufa, sukuma kwa chembeu na nyundo ya mti. Usipige kwa hasira. Pamba ikibanwa mno, mbao zikivimba majini zinaweza kung'oa misumari, ikilegea, inatoka. Fundi anajua kwa sauti: mwanzoni mlio ni mzito, pamba inapokaa sawa mlio unapanda. Sikiliza huo mlio siku nzima ya kwanza kabla hujaomba kushika nyundo wewe.

Tumboni, chini ya maji, kwanza choma. Makuti makavu yanawashwa, moto unapitishwa haraka chini ya chombo kuua wadudu na kukausha, huku mtu mwingine amesimama na ndoo ya maji. Kisha paka deheni: chokaa iliyochanganywa na shahamu, inapakwa kwa mkono, ya moto moto. Siku hizi kuna rangi za dukani za kuzuia wadudu, ni nzuri ila ni ghali na zina sumu. Deheni inatosha kama utakubali kuirudia kila baada ya miezi michache. Na ndiyo maana watu wanaacha: haina siku ya kumalizika. Mwenye mashua ya mbao anarudia, kama anayerudia kitubio, na hashangai.

Aliyepaka grisi

Nikupe kisa kimoja, halafu tushue chombo.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mito hiyo hiyo ya delta. Waingereza waliiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake ikapelekwa sehemu mbalimbali, na mmoja ukafungwa kwenye meli iliyokuwa Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha mpaka Kigoma na kuungwa upya huko. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma, mainjinia wake waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zote grisi nzito.

Iliopolewa mwaka 1924. Mashine zikakutwa zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na ikabeba watu na mizigo ya ziwa hilo kwa miongo mingi. Königsberg, ambayo haikuandaliwa na mtu yeyote, iliishia kuvunjwa chuma chakavu, na iliyobaki ikamezwa na matope ya Rufiji.

Nakuambia hili kwa sababu ya baba yako. Nenda ukatazame: alipoivuta mashua juu mara ya mwisho, aliiweka juu ya magogo au moja kwa moja ardhini? Mlingoti aliulaza ndani ya nyumba? Tanga alilikunja mahali pakavu? Kama ndivyo, hakuwa ameiacha. Alikuwa ameipaka grisi kwa ajili ya mtu atakayekuja.

Kushua

Chagua bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji yanapopanda juu kuliko siku nyingine. Maji mafu hayatafika ulipoegesha. Kati ya bamvua moja na nyingine ni kama siku kumi na tano, kwa hiyo ukichelewa siku mbili umechelewa wiki mbili. Usiharakishe kalafati kwa sababu ya mwezi. Subiri mwingine.

Mwombe padre au katekista aje. Kitabu cha Baraka cha Kanisa kina ibada za kubariki vyombo vya usafiri na zana za kazi. Padre akiambiwa mapema atakuja nacho. Mwalike fundi na familia yake, na baba mdogo akae mbele. Andaa chai na mihogo kwa watu watakaovuta. Iwe chombo kitabeba abiria au nyavu tu, pita kwanza TASAC na halmashauri kwa ukaguzi na leseni, na nunua maboya ya kuvaa. Watu wa Kibiti na Rufiji mliokuwa kwenye mafuriko ya Aprili 2024, na kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia mwezi Mei, hamhitaji kuelezwa maji yanafanya nini.

Sala ya kusali kabla ya kuvuta, kama hamna nyingine:

*Ee Bwana Yesu, uliyelala juu ya mto katika chombo cha rafiki zako, ingia katika hiki chetu. Mkumbuke mtumishi wako aliyekiendesha kabla yetu, umpe bandari yako. Utupe riziki ya halali na njia ya kurudi nyumbani. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.*

Sasa jambo la mwisho, na uwaambie watu mapema ili wasikucheke. Mashua iliyokaa kavu miaka mitatu, ikiguswa na maji itavuja, hata kama kalafati ni nzuri. Mbao bado hazijavimba. Usivunjike moyo, usiirudishe juu, usimlaumu babu. Ifunge kwenye kina kifupi, kamba mbili, omo na tezi. Lala humo ndani usiku wa kwanza na wa pili ukiwa na kopo la kufulia maji, na mdogo wako mmoja mpokezane. Weka alama kwa mkaa kwenye taruma, pale maji ya ngamani yalipofika baada ya saa moja. Saa inayofuata weka alama nyingine. Kufikia alfajiri ya siku ya tatu alama zinatakiwa ziwe zimeshuka. Kama kuna sehemu moja tu bado inaingiza maji, maji yakipwa ingia chini na chembeu, ni ufa mmoja, mtauziba kabla hayajajaa tena.

Wengine wenye maswali kuhusu mirathi au mikopo ya uvuvi, andikeni. Na wewe kijana wa delta, tuambie mkuku ulivyo.